Nani Kakutuma?

Wanafunzi wenzangu, naanza na kosa langu mwenyewe, maana najua wapo humu chuoni wanaotaka kulifanya wiki hii.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Chwaka. Pwani kwetu ipo nyumba moja ya wageni, jina nalihifadhi, ambayo waifai yake inafika mpaka barazani tunapokaa jioni. Paswedi yake tulikuwa nayo sote, mpishi wao ndiye aliyetupa. Siku moja nikaandika anuani ya rauta kwenye simu, ukurasa wa kuingilia ukaja, nikajaribu "admin" juu na "admin" chini. Pakafunguka. Nikaona vifaa vyote vilivyounganishwa, na kati yao kompyuta ya mapokezi, ambayo ilikuwa imeachia folda wazi kwa kila aliyemo kwenye waifai ile. Nikaifungua. Imejaa picha za pasipoti za wageni.

Mie nikajiona fundi. Asubuhi yake nikamfuata mwenye nyumba, mzee anayenijua tangu natambaa. Nikamwamkia, nikamweleza yote, nikitegemea shukrani na labda kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Nani kakutuma?"

Sikuwa na jibu. Akaniuliza tena, ningeingia chumbani kwa mgeni kwa sababu tu mlango haukufungwa, nikapekua begi lake, halafu nikaja kumwambia yeye kwamba kitasa kibovu, angeniita nani? Alitaka kunipeleka kituoni. Ami yangu ndiye aliyekwenda kuniombea radhi baada ya sala ya Ijumaa, na mzee akakubali kwa sharti nisiiguse tena mitambo yake.

Nilivyorudi chuoni nikaitafuta Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nikaisoma ndani ya gari ya Tunguu huku jasho linanitoka. Sheria hii ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2015, na isipokuwa kifungu kimoja, inafanya kazi Bara na Zanzibar vilevile. Kifungu cha 4 kinamkataza mtu kuingia katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi na bila ya haki. Basi. Hakisemi uwe umeiba, wala uwe umeharibu. Adhabu iliyoandikwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida uliyoipata, ile itakayokuwa kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote pamoja. Milioni tatu mie sijawahi kuziona zimekaa pamoja. Na zile pasipoti zina sheria yake nyingine, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa hiyo mzee naye alikuwa na lake la kujibu, lakini hilo halinisafishi mie.

Nasimulia haya kwa sababu wengi wetu tunaotamani kazi ya usalama wa kompyuta tunadhani mlango wake ni ufundi. Tunashusha programu, tunaangalia video usiku bando likiwa rahisi, tunajua kuskani mtandao kwa Nmap. Ufundi unahitajika, sibishi. Lakini anayelipwa na anayefungwa mara nyingi wanafanya jambo lilelile kwa programu zilezile. Kinachowatenganisha ni karatasi iliyosainiwa kabla ya kazi kuanza.

Na hata karatasi ina mambo yake. Septemba 2019 huko Marekani, vijana wawili wa kampuni ya Coalfire, Gary DeMercurio na Justin Wynn, walikamatwa usiku ndani ya jengo la mahakama la Kaunti ya Dallas, jimbo la Iowa. Walikuwa kazini. Idara ya mahakama ya jimbo iliiajiri kampuni yao kwa mkataba ipime usalama, ikiwemo kujaribu kuingia majengoni. Kengele ilipolia hawakukimbia, wakawasubiri polisi na kuwaonesha barua ya ruhusa. Tatizo ni kwamba jengo lilikuwa mali ya kaunti, si ya jimbo, na mkuu wa polisi wa kaunti akasema jimbo halina mamlaka ya kumruhusu mtu avunje nyumba isiyo yake. Wakalala rumande, wakashitakiwa kwa uvunjaji. Mashitaka yalipunguzwa kuwa ya kuingia bila ruhusa, na yakafutwa kabisa mwishoni mwa Januari 2020. Watu wenye mkataba, kampuni kubwa nyuma yao, na bado walikaa miezi na kesi kichwani, kwa sababu aliyesaini hakuwa mwenye mali.

Sasa ilete Chwaka. Nyumba ya wageni ni ya mzee. Rauta huenda ni ya kampuni ya intaneti. Mfumo wa kuwekea vyumba ni wa kampuni iliyoko Ulaya, ambayo mzee hajawahi kuiona hata ofisi yake. Mzee akikwambia "angalia kila kitu", ana haki ya kukupa kile kilicho chake tu. Vingine lazima wenyewe waulizwe, au uviache.

Kuhusu kujifunza sitakaa sana, maana njia ni nyingi na kila mtu ana yake. Mie nimetumia mafunzo ya bure ya PortSwigger, ambayo yana mazoezi kwenye mitambo iliyotengenezwa ili idukuliwe, na picoCTF ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Hapo unavunja mpaka uchoke na hakuna atakayeuliza nani kakutuma. Vyeti nasema ukweli ni ghali. Mtihani wa Security+ peke yake unagharimu mamia ya dola. Usikope kwa ajili hiyo ukiwa mwaka wa pili.

Wapo watakaosema, kwani kampuni kubwa si zinalipa zawadi kwa anayegundua kasoro? Zinalipa. Kupitia HackerOne kampuni inatangaza wazi kipi unaruhusiwa kukijaribu na kipi hapana, na tangazo hilo ndilo ruhusa yako. Santiago Lopez, kijana wa Argentina aliyejifunza mwenyewe, alipita dola milioni moja kwa njia hiyo mwaka 2019 akiwa na miaka 19. Lakini msimwangalie yeye peke yake. Ukigundua kasoro ambayo mwenzako kaipeleka kabla yako, kwa kawaida hupati kitu, hata kama umekesha. Kwa sie wa bando la siku, hii iwe ya mazoezi. Kula utakula kwengine.

Kwengine kwenyewe ni hapahapa. Miezi minne baada ya ile aibu, mzee alimtuma ami aniite. Mapokezi walikuwa wamepata barua pepe ya mtu anayejifanya mgeni mwenye malalamiko, ina kiambatisho, msichana wa zamu akakifungua na kompyuta ikaanza kufanya vituko. Safari hii nilikwenda na karatasi. Ukurasa mmoja, Kiswahili. Niliandika nitagusa nini: kompyuta mbili, na mpangilio wa rauta baada ya kampuni yake kukubali. Sitagusa nini: mfumo wa kuwekea vyumba, na simu za wageni. Siku gani na saa ngapi. Nani apigiwe mambo yakiharibika. Nitakachokiona nitamwambia nani, na kwamba sitaondoka na nakala ya kitu chochote. Bei shilingi 60,000, nusu mwanzo. Mzee akavaa miwani, akaisoma mara mbili, akapiga simu kampuni ya intaneti mbele yangu, kisha akasaini.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba ualimu haukunipotezea wakati. Ile karatasi ni andalio la somo tu, mwenye macho ataliona: lengo, muda, vifaa, mipaka. Na ripoti niliyoandika mwishoni niliiandika kama namwandikia mzazi, si mkaguzi. Badala ya istilahi nikaandika: "Mtu aliyekaa barazani nje anaweza kusoma pasipoti za wageni wako. Nimefunga. Usifungue tena hata fundi akikwambia." Fundi wa kompyuta anayejua zaidi yangu wapo wengi, Mjini wamejaa. Wa kumweleza mzee wa miaka sabini mpaka akaelewa anacholipia, hao sijawaona wengi.

Kilichobaki kilikuwa ni watu. Nikawakusanya wafanyakazi wanne ukumbini baada ya chakula cha mchana: mpishi, msichana wa mapokezi, mfagizi na mlinzi. Sikuanza na barua pepe. Nilianza na ule ujumbe ambao kila Mtanzania mwenye simu kaupata, "ile hela tuma kwenye namba hii". Wote wakacheka. Nikauliza kwa nini watu wanatuma. Mlinzi akasema kwa sababu ujumbe unakukuta kweli una mtu wa kumtumia. Nikamwambia ndiyo hivyohivyo, mwandishi wa barua ya malalamiko anajua kwamba mapokezi daima wana mgeni aliyelalamika. Msichana wa zamu akanyamaza kidogo, kisha akasema hakuna aliyemweleza hivyo, walimgombeza tu. Tukaweka utaratibu: kiambatisho cha mtu usiyemjua hakifunguliwi mpaka jina lake lionekane kwenye daftari la wageni, na ukishafungua kwa makosa unasema palepale, na hugombezwi. Hilo la mwisho nilimtaka mzee alitamke mwenyewe mbele yao. Alisitasita, akalitamka.

Paswedi mpya niliiweka mie, ya wafanyakazi mbali na ya wageni mbali. Wiki ya pili nikapita kuangalia, nikakuta ya wafanyakazi imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi, imebandikwa ukutani nyuma ya mapokezi, pale ambapo kila mgeni anapiga picha. Nikaibandua, tukabadilisha, msichana akaiandika kwenye daftari lake linalokaa droo yenye ufunguo.

Mzee alinilipa 50,000, akasema kumi iliyobaki ni ya ile siku ya kwanza. Sikubishana. Akanipa na changu wawili waliotoka sokoni asubuhi ile, nikampelekea mama. Barazani ndiko mambo hayajatulia. Waifai imekatika kwa wote, na wanajua aliyeikata.