Kichocho na Amri ya Tano: Somo kwa Walimu wa Watoto



Mwili wa mtoto ni kazi ya mikono ya Mungu, kama roho yake ilivyo. Kwa hiyo mwalimu awafundishaye watoto kutunza afya hafanyi kazi ya pembeni. Mwezi huu na tuangalie ugonjwa mmoja tu, kichocho, uwashikao sana watoto wa shule, maana wao ndio waogao na kucheza mitoni, madimbwini na ziwani.

Habari za ugonjwa. Mwaka 1851 tabibu Mjerumani, Theodor Bilharz, aliyekuwa akifanya kazi Cairo katika nchi ya Misri, aliwagundua minyoo waletao kichocho. Minyoo hao hukaa ndani ya mishipa ya damu na kutaga mayai. Mayai hupenya hata kibofu au matumbo, ndipo mtu hukojoa damu au huona damu chooni. Mkojo au mavi hayo yakiingia katika maji yasiyo ya chumvi, mayai huanguliwa, na vijidudu vitokavyo humo humwingia konokono wa majini. Baada ya majuma kadhaa hutoka kwake kwa maelfu, nao hupenya ngozi ya mtu aliyemo majini kwa dakika chache tu.

Jinsi ya kufundisha. Walimu wengi huwaambia watoto, “Msiingie majini.” Watoto huitikia wote pamoja, na jioni wamo mtoni, kwa kuwa mama amewatuma maji na jua ni kali. Tena katazo hilo peke yake lamfundisha mtoto kujiangalia nafsi yake tu. Afadhali mwalimu achore duara ardhini: mtu, maji, konokono, maji, mtu. Kisha awaulize, “Mtoto aweza kulikata duara hili mahali gani?” Wakifikiri watajibu wenyewe: pale mtu ajisaidiapo. Konokono hakuuanzisha ugonjwa. Aliupata kwa mtu. Basi kila mtoto na ajue hivi: nikikojoa mtoni leo, naweza kumtia ugonjwa mdogo wangu atakayeoga hapo mwezi ujao.

Hapo ndipo Amri ya Tano inapoingia. Dk. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aonyesha kwamba amri hiyo haikatazi uuaji tu, bali yatuagiza kumsaidia jirani katika mahitaji ya mwili wake. Mtoto aliyeikariri darasani na aitimize kwa kutumia choo.

Lakini mambo manne yatupasa sisi wakubwa:

1. Choo kiwepo shuleni, kiwe safi, tena kiwe na mlango, ili wasichana wasione haya kukitumia. Kufundisha habari za choo mahali pasipo choo ni kuwatwika watoto mzigo wasioweza kuuchukua.

2. Mtoto asemaye kwamba anakojoa damu asichekwe. Kuna mahali watu hudhani kuwa ni dalili ya mvulana kukua. Sivyo. Kichocho kisichotibiwa chaweza kuharibu kibofu, hata kuleta saratani. Na kwa wanawake chaweza kuleta utasa. Apelekwe zahanati upesi.

3. Siku ya kugawa dawa ya prazikwanteli shuleni, wazazi wawape watoto chakula kwanza. Dawa hii huua minyoo wakubwa, lakini haimkingi mtoto asiambukizwe tena. Basi aliyepona asirudie desturi ya zamani.

4. Nyumbani, maji ya kuoga yaliyotekwa mtoni au ziwani yachemshwe kisha yapozwe, au yakae siku mbili katika chombo safi kisicho na konokono, ili vijidudu vife.

Maswali ya kuzungumza usharikani. Je, watoto wetu hujisaidia wapi wawapo shambani na machungani? Nani katika usharika aweza kuchimba choo cha shule, na lini? Kwa nini kuyalinda maji ya jirani ni kumpenda?

Ndugu, tusiridhike na watoto wajuao kujibu. Na tuwaombee wawe watendaji, na sisi tuwatangulie. Neema ya Bwana na iwe nanyi nyote.