SIKU ISHIRINI NA MOJA ZA KUSUBIRI
Somo la kutotolesha mayai kwa mashine, kwa mfano wa Wilaya za Ngara na Biharamulo

Ufugaji wa kuku ni miongoni mwa kazi ambazo mtumishi wa Serikali na mkaazi wa kawaida wanaweza kuzifanya nyumbani bila ya kuacha shughuli zao nyengine. Mashine ndogo za kutotolesha mayai, zenye uwezo wa kuchukua mayai machache hadi mamia, zinapatikana Tanzania Bara na Visiwani. Hata hivyo, wapo wafugaji wanaopata hasara katika uzao wa mwanzo na kuilaumu mashine, ilhali kosa lipo katika namna walivyosubiri. Kusubiri mayai ni kazi yenye ratiba yake: zipo siku za kushika na zipo siku za kuacha.

Somo hili linachukua mfano wa Wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hewa. Ziwa Victoria liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na wilaya hizo ziko juu zaidi ya ziwa. Usiku huko ni wa baridi, na katika kiangazi cha Juni hadi Agosti hewa huwa kavu. Ya pili ni umeme. Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo haikuwa katika gridi ya Taifa bali ilitegemea jenereta za dizeli. Hivi sasa njia ya umeme ya kilovoti 220 imefika Nyakanazi, wilayani Biharamulo, na katika maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda, kimejengwa kituo cha megawati 80 ambacho umeme wake hugawanywa sawa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Kwa upande wa Visiwani, hewa ni ya joto na yenye unyevunyevu wa bahari, hivyo mfugaji wa Unguja hukabiliwa na kinyume cha yanayomkabili mfugaji wa Ngara. Ama kuhusu umeme, wakaazi wa Unguja hawajasahau mwaka 2008, walipokaa karibu mwezi mzima bila ya umeme, wala kipindi cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, ambapo giza lilidumu kiasi cha miezi mitatu. Kwa hiyo somo la huku na la huko ni moja.

Kabla ya kuweka mayai

Mashine haiwezi kulipa yai uhai lisiokuwa nao. Mayai yatoke kwa matetea wanaoishi na jogoo, yawe safi bila ya kuoshwa, yasiwe na ufa, na yasizidi siku saba tangu kutagwa. Wakati wa kuyakusanya yahifadhiwe mahali penye ubaridi wa wastani, ncha iliyochongoka ikielekea chini. Mashine iwashwe siku moja kabla, ili joto lake litulie ndipo mayai yaingie.

Siku 18 za mwanzo

Mashine yenye feni huhitaji joto la nyuzi 37.5 za Selsiasi. Isiyokuwa na feni huwekwa kiasi cha nyuzi 38.5, kipimajoto kikiwa usawa wa mgongo wa mayai, kwa kuwa hewa ya juu humo huwa na joto kuliko ya chini. Nchini Misri, watotoleshaji wa kale walitumia matanuri ya matofali ya udongo yaliyochukua maelfu ya mayai. Hawakuwa na kipimajoto. Yai liliwekwa kwenye kope la jicho, na joto lake likajulikana kwa ngozi. Ujuzi huo ulirithiwa kwa vizazi, na mfugaji anayeanza leo hana budi kutegemea kipimajoto kilicho sahihi.

Mayai yageuzwe angalau mara tatu kwa siku, kama afanyavyo kuku anayeatamia, ili kiinitete kisigande kwenye utando wa ndani wa ganda. Siku ya 7 yapimwe gizani kwa mwanga wa tochi. Yai lenye uhai huonesha mishipa myembamba ya damu iliyotawanyika mfano wa miguu ya buibui. Yai lisilokuwa na mbegu hubaki jeupe, na yai viza lazima litolewe mapema kabla halijapasuka na kuyachafua mengine. Upimaji urejewe siku ya 14.

Unyevunyevu na mizani

Yai linaloendelea vizuri hupoteza maji kidogo kidogo kupitia vitundu vya ganda, na nafasi ya maji hayo hushikwa na hewa iliyo upande mpana wa yai. Hewa hiyo ndiyo pumzi ya kwanza ya kifaranga kabla hajatoboa ganda. Ikiwa maji yamepotea mno, kifaranga huwa dhaifu na utando humkaukia. Ikiwa hayakupotea ya kutosha, kifaranga huvimba na kukosa nafasi ya kupumua na kugeuka.

Katika siku 18 za mwanzo unyevunyevu huwekwa baina ya asilimia 50 na 55. Asiyekuwa na kipimo chake anaweza kutumia mizani ya jikoni. Mayai 30 ya kuku wa kienyeji yenye wastani wa gramu 40 yana uzito wa gramu 1,200. Ifikapo siku ya 18 yanatakiwa yawe yamepungua kiasi cha asilimia 12, yaani gramu 144, na nusu ya upungufu huo ionekane siku ya 9. Mfugaji wa Ngara wakati wa kiangazi huenda akakuta uzito umeshuka kwa kasi, naye ataongeza sahani ya maji ndani ya mashine. Mfugaji wa Unguja wakati wa masika huenda akakuta haujashuka inavyopaswa, naye atapunguza maji na kufungua zaidi tundu za hewa. Mizani humwambia kila mmoja hali ya mayai yake mwenyewe, na haifai kunakili kipimo cha jirani.

Umeme unapokatika

Hili ndilo linalowatia hofu wengi, na hofu huleta makosa. Ifahamike kuwa kuku mwenyewe huondoka kiotani kila siku kutafuta chakula, na mayai hupoa kwa muda bila ya kufa. Umeme ukikatika kwa saa chache, madhara makubwa huwa ni kuchelewa kwa vifaranga. Mashine isifunguliwe, na katika wiki mbili za mwanzo ifunikwe kwa blanketi. Baada ya hapo viinitete vyenyewe hutoa joto na huhitaji hewa zaidi, hivyo tundu za hewa zisizibwe kabisa. Chupa za maji ya moto zinaweza kuwekwa ndani iwapo katizo litakuwa refu, bila ya kugusa mayai.

Joto la kuzidi ni hatari kuliko ubaridi. Mayai yaliyokaa kwa saa kadhaa katika nyuzi zaidi ya 40 huweza kuharibika. Kwa hiyo anayetumia kandili au jiko asiondoke na kuiacha mashine peke yake, na moshi utolewe nje.

Siku tatu za mwisho

Siku ya 18 ugeuzaji husimamishwa, maji huongezwa hadi unyevunyevu ufikie baina ya asilimia 65 na 70, na mashine hufungwa. Kuanzia hapo kazi ya mfugaji ni kuacha, nayo ndiyo inayowashinda wengi.

Tuchukue mfano wa mfugaji wa Rulenge, wilayani Ngara, aliyeweka mayai 60 kwa fedha za mavuno ya maharage. Jioni ya siku ya 20 anaona mayai matatu yametobolewa na anasikia sauti za vifaranga. Saa sita zinapita, hakuna aliyetoka. Anadhani wanakufa. Anafungua mashine, anamenya ganda la kwanza, damu inatoka. Anamenya la pili. Wakati huo hewa kavu na baridi ya usiku imeingia, na utando wa mayai mengine yaliyoanza kutobolewa unakauka na kuwabana vifaranga kama nguo iliyoganda mwilini. Kwa kutaka kuokoa watatu amehatarisha wote.

Mfugaji huyo hakujua kwamba kifaranga aliyetoboa ganda huweza kuchukua saa 12 hadi 24 kabla ya kutoka. Katika muda huo hakuwa amekwama. Alikuwa akimalizia kuvuta damu iliyomo katika mishipa ya utando, na akiingiza tumboni kiini kilichosalia. Anayemtoa kabla ya hapo humkata mishipa ingali na damu. Kiini hicho ni akiba yake: kinaweza kumlisha kwa siku mbili baada ya kutoka. Kwa hiyo waliotangulia wanaweza kuachwa ndani ya mashine hadi wakauke na wenzao watoke.

Baada ya kutoka

Vifaranga wahamishiwe mahali penye joto la nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza, lipunguzwe kiasi cha nyuzi tatu kila wiki. Wakijikusanya pamoja wana baridi. Wakitawanyika pembezoni wamezidiwa na joto. Wapewe maji safi na chakula cha vifaranga, na mfugaji apange na afisa mifugo chanjo ya mdondo, maradhi ambayo humaliza banda zima kwa siku chache. Mayai yasiyoanguliwa hadi siku ya 23 yapasuliwe nje ya nyumba na yachunguzwe, kwa kuwa kila yai viza hueleza lilipokosewa: lisilokuwa na mbegu hurejesha swali kwa jogoo, na lenye kifaranga kamili aliyekufia ndani hurejesha swali kwa unyevunyevu na kwa mkono wa mfugaji.

Nasaha

Wananchi wanaotaka kuanza kazi hii wanashauriwa waanze kwa mayai machache, waandike katika daftari joto, uzito na tarehe za kila uzao, na waende na daftari hilo kwa afisa mifugo wa wilaya wanapohitaji ushauri. Wahenga wamesema subira huvuta heri. Kwa mwenye mashine ya kutotolesha, subira hiyo ina tarehe: huanza siku ya 18, mlango unapofungwa.