Tarihi ya Kilwa Darasani: Vyanzo vya Historia ya Kale na ya Zama za Kati katika Ufundishaji wa Chuo Kikuu

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza kusoma historia ya kale na ya zama za kati katika chuo kikuu cha Afrika ya Mashariki hukabiliwa na tatizo ambalo mwenzake anayesoma historia ya karne ya 20 halijui. Anayesoma habari za ukoloni ana majalada ya serikali, magazeti na kumbukumbu za wazee walioyashuhudia mambo hayo. Anayesoma habari za Kilwa ya karne ya 11 ana vipande tu: maelezo ya wasafiri, tarihi moja iliyohifadhiwa katika lugha mbili ambazo si Kiswahili, sarafu, vigae vya vyungu na misingi ya misikiti. Hakuna kipande hata kimoja kinachojitosheleza, na baadhi yake vinapingana waziwazi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa Kilwa, jinsi vipande hivyo vinavyoweza kusomwa pamoja darasani. Mfano huu haukuchaguliwa kwa sababu ya umaarufu wa mji huo pekee. Nyuma ya kila semina ya historia ya mwambao pana swali ambalo wanafunzi huja nalo kutoka nyumbani na mashuleni, nalo ni hili: nani aliyejenga miji ile, mwenyeji au mgeni? Swali hilo limebeba hadhi ya watu walio hai, na kwa hiyo majibu yake hutolewa haraka kuliko ushahidi unavyoruhusu.

2.0 Dhana ya "zama za kati"

Istilahi yenyewe inahitaji tahadhari. Wanahistoria wa Ulaya walipozigawa zama, waliuita "wa kati" ule muda uliopita tangu kuanguka kwa Dola ya Roma ya Magharibi mwaka 476 hadi karne ya 15. Mipaka hiyo haina maana yoyote Kilwa wala Pate. Mwambao wa Afrika ya Mashariki una mipaka yake: kuenea kwa vijiji vya wakulima na wavuvi katika karne za mwanzo baada ya Kristo, kuingia kwa Uislamu katika karne ya 8, na kuja kwa Wareno, walioiteka na kuipora Kilwa mwaka 1505. Hata hivyo istilahi imekwisha kukaa katika mihtasari ya masomo, na kuing'oa ni kazi isiyo na faida kubwa. Inatosha mwanafunzi ajue kuwa anatumia kabati la jirani kuhifadhia vyombo vyake.

Kuhusu zama za kale zenyewe maandishi ni machache mno. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erithrea, kilichoandikwa katikati ya karne ya 1 na mtu asiyejulikana jina, kinaitaja bandari ya Rhapta, vyombo vya kushonwa kwa kamba, na biashara ya pembe za ndovu na magamba ya kasa. Mahali ilipokuwa Rhapta hapajathibitishwa hadi leo. Hoja nyingi zimejengwa juu ya kurasa hizo chache. Inafaa mwanafunzi azisome mwenyewe kabla ya kuzisoma hoja.

3.0 Tarihi na matoleo yake mawili

Tarihi ya Kilwa imefika katika matoleo mawili. La kwanza ni la Kireno, lililomo katika kitabu cha João de Barros kilichochapishwa mwaka 1552. La pili ni la Kiarabu, liitwalo Kitab al-Sulwa, lililotungwa katika karne ya 16. Nakala yake inayojulikana ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, ikafika mikononi mwa John Kirk kutoka kwa Sultani Barghash, na sasa imehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza, London. Kwa hiyo tangu mambo yanayosimuliwa kutokea hadi mwandishi kushika kalamu ilipita miaka mia tano au zaidi, na tangu kalamu hiyo hadi nakala iliyopo ilipita miaka mingine zaidi ya mia tatu.

Matoleo hayo yanakubaliana juu ya kiini: mtu aliyehusishwa na Shirazi alifika kwa jahazi, akakinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo, akawa mtawala. Yanatofautiana katika yaliyobaki. Barros anaeleza kuwa Ali alikuwa mtoto wa mjakazi wa Kihabeshi, akadharauliwa na ndugu zake waliozaliwa na mama wa Kiajemi, ndipo akahama. Toleo la Kiarabu halina habari ya mama huyo. Linasimulia majahazi saba ya baba na wanawe sita, kila moja likitia nanga mahali pake, ikiwa ni pamoja na Mombasa, Pemba, Kilwa na Anzuani. Tofauti hii ni darasa tosha. Mwandishi aliyekuwa karibu na watawala wa Kilwa angekuwa na sababu ya kuuacha utumwa wa bibi yao nje ya nasaba; Mreno hakuwa na sababu hiyo. Aidha, hesabu ya saba ni hesabu ya masimulizi, na hadithi ya kuuziwa ardhi kwa kitambaa kinachotandazwa kukizunguka kisiwa kizima inafanana na hadithi za waasisi wa miji katika nchi nyingi.

Je, basi tarihi itupwe kama ngano? Hapana, na sababu imo katika matini yenyewe. Toleo la Kiarabu linasema kuwa wageni walipofika Kilwa walimkuta Mwislamu akiishi pale pamoja na jamaa yake, na msikiti ulikwisha kuwapo. Yeye ndiye aliyewafasiria maneno baina yao na mwenye kisiwa, aliyekuwa si Mwislamu. Habari hiyo haimpi sifa mwasisi. Inampunguzia, maana inamnyima heshima ya kuuleta Uislamu. Jambo linalosemwa kinyume cha maslahi ya msemaji lina uzito wake, na wanafunzi wengi hulipita bila kulitazama kwa kuwa macho yao yako kwenye majahazi saba.

Uchimbuzi wa Mark Horton katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, uliipa habari hiyo nguvu isiyotarajiwa. Chini ya msikiti wa mawe zilionekana tabaka za misikiti ya awali, mmoja juu ya mwingine, ya kwanza ikiwa ya miti na udongo, na ya mwanzo kabisa inakadiriwa kuwa ya mwishoni mwa karne ya 8. Vyungu vilivyopatikana humo vilikuwa vya wenyeji, vya aina ile ile iliyoenea mwambao na bara. Waislamu wachache walikuwa wakiswali katikati ya kijiji cha Kiafrika kabla ya tarehe yoyote ambayo tarihi inaweza kumpa Ali.

4.0 Sarafu na tatizo la miaka

Ali alifika lini? Hapa mwanafunzi huona jinsi tarehe moja inavyoweza kutembea. G. S. P. Freeman-Grenville, kwa kuhesabu miaka ya tawala zilizotajwa, aliiweka mwanzoni mwa nusu ya pili ya karne ya 10. Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa na kuchapisha matokeo yake katika majuzuu mawili mwaka 1974, alizikuta sarafu za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan, na kwa kuzitazama tabaka zilimotoka akahukumu kuwa mtawala huyo alikuwa wa mwishoni mwa karne ya 12. Hukumu hiyo ilifundishwa kwa miaka mingi kama jambo lililokwisha. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ikapatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za nje. Baadhi ya zile za fedha zina jina la Ali bin al-Hasan, na dinari zilizokuwa nazo zinaonyesha kuwa hazina ilifukiwa katika karne ya 11. Mtawala aliyesogezwa mbele akarudishwa nyuma takribani miaka mia moja.

Fundisho hapa halihusu Chittick kukosea. Alisoma tabaka alizokuwa nazo kwa uangalifu mkubwa, na bila ya kazi yake hapangekuwa na cha kulinganisha. Jambo la kuzingatia ni kwamba sarafu ni ushahidi wa jina na wa wakati, haisemi nasaba. Maandishi yake ya Kiarabu, ambayo upande mmoja huwa na vina na upande wa pili kwa namna itakayomvutia msomaji wa ushairi wa Kiswahili, humtaja mtawala na kumtaja Mola. Shirazi haitajwi.

5.0 Msafiri na jengo

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Maelezo yake yanapendwa na walimu kwa kuwa ni ya shahidi wa macho: anamtaja Sultani Abu al-Muzaffar Hasan, ukarimu wake kwa maskini na masharifu, na vita vyake dhidi ya wasio Waislamu, anawaeleza wakazi kuwa wengi wao ni Wazanji weusi sana wenye chale nyusoni. Anausifu mji kwa uzuri, kisha anasema kuwa majengo yake yote ni ya miti na mapaa yake ni ya majani.

Maneno hayo hayapatani na ardhi. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulikwisha kujengwa kwa mawe kabla ya safari hiyo, na jumba la Husuni Kubwa, lenye maandishi yanayomtaja al-Hasan bin Sulaiman, ndiye sultani yule yule, ni la mwanzoni mwa karne ya 14. Wapo wanaolipita suala hili kwa kusema kuwa msafiri alisahau. Ni kweli kwamba alisimulia safari zake Fez zaidi ya miaka 20 baadaye, na Ibn Juzayy ndiye aliyeziandika na kuzipamba mwaka 1355. Lakini jibu hilo ni jepesi mno. Wakazi wengi wa Kilwa waliishi kweli katika nyumba za miti na udongo, ambazo leo hazionekani kwa kuwa zimeoza. Kinachoonekana ni mawe ya matajiri. Yamkini msafiri alikosea kuhusu msikiti na kusema kweli kuhusu mji, na mtalii wa leo hukosea kinyume chake. Swali hili likitolewa kama zoezi la semina huzaa mjadala mzuri kuliko mhadhara wa saa mbili.

6.0 Nukta moja ya Kiarabu

Idara za Kiswahili zina mchango wao ambao haujatumiwa ipasavyo. Al-Mas'udi, aliyesafiri katika bahari hii kwa mara ya mwisho yapata mwaka 916, anasema kuwa mfalme wa Wazanji huitwa kwa neno ambalo katika matini zilizochapishwa husomwa "waqlimi". Neno hilo halina maana katika lugha yoyote ya mwambao. Lakini katika hati ya Kiarabu tofauti ya "qaf" na "fa" ndani ya neno ni nukta moja tu: ya kwanza ina mbili, ya pili ina moja. Nukta ikipungua, neno husomeka "waflimi", na baadhi ya wataalamu wamependekeza kuwa hili ni "wafalme". Ikiwa pendekezo hilo ni sahihi, basi kiambishi cha wingi cha Kibantu kilisikiwa na sikio la mgeni katika karne ya 10. Msomi wa Kiarabu peke yake asingeliona, na wa Kibantu peke yake asingejua pa kulitafuta.

Hapa ndipo suala la lugha ya kufundishia linapouma. Mwanafunzi anayejua Kiswahili na aliyepita chuoni kwa maalimu anaweza kuzisoma herufi hizo. Chuo kikuu humfundisha historia hiyo kwa Kiingereza, kupitia tafsiri ya Kiingereza ya maandishi ya Kiarabu kuhusu neno la Kibantu. Ujuzi alionao huachwa mlangoni.

7.0 Ushahidi wa mifupa

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka miji sita ya mwambao ya kati ya mwaka 1250 na 1800. Ilionekana kuwa wengi wao walikuwa na asili mchanganyiko: zaidi ya nusu ya urithi wao ilitoka Afrika, hasa kwa upande wa mama, na sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000.

Matokeo hayo yaliwatia haya walioidharau tarihi moja kwa moja, lakini hayakuwapa ushindi walioamini kuwa miji ilikuwa makoloni ya wageni. Kijiji cha Shanga kilikuwa na msikiti zaidi ya miaka mia mbili kabla ya mchanganyiko huo. Lugha iliyozungumzwa nyumbani ilibaki ya Kibantu, jamaa ya Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro, kama walivyoonyesha Derek Nurse na Thomas Hinnebusch mwaka 1993. Na hilo linaeleweka ikiwa mama ndiye aliyekuwa mwenyeji na mwenye nyumba. Vinasaba hueleza nani alizaa na nani. Havielezi nani aliyechonga matumbawe, nani aliyechoma chokaa, wala lugha gani ilitumika kubishania bei ya dhahabu ya Sofala. Tena makaburi yaliyotoa mifupa hiyo kwa sehemu kubwa ni ya watu wenye hadhi, waliozikwa karibu na misikiti. Waliokaa katika nyumba zile za miti ambazo Ibn Battuta aliziona bado hawajachunguzwa kwa kiasi cha kutosha, na katika Kilwa yenyewe mitaa yao iliyo nje ya majengo ya mawe imefukuliwa kwa sehemu ndogo tu.