LIKIZO NDEFU YA MWANAFUNZI WA MUZIKI: TUANZE NYUMBANI

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Methali hii tumeitia katika insha zetu mara nyingi mno, hata imekuwa kama chumvi ya kumalizia aya. Leo nataka tuitoe kwenye insha tuipe jembe ifanye kazi.

Mimi ni mwanachama wa zamani wa chama hiki, na sasa ninasomea muziki chuo kikuu. Kila nikija nyumbani naulizwa swali moja: "Eti nyinyi wa muziki, mkifunga chuo huwa mnafanya nini?" Ni swali zuri, kwa maana vyuo vikuu vingi hapa Kenya huwa na likizo ndefu kati ya Mei na Agosti. Hiyo ni miezi mitatu, wakati mwingine hata zaidi. Ukiichezea, itapita kama maji ya Thuci chini ya daraja.

Majibu ya kawaida yapo. Kuna anayefundisha kinanda kanisani. Kuna anayeshinda studio mjini Meru au Embu akijifunza kurekodi. Kuna anayesaidia shule kuandaa kwaya kwa ajili ya Tamasha la Muziki la Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1927 na ambayo fainali zake kwa kawaida huangukia Agosti. Na kuna anayechuma majani chai ili apate karo. Yote hayo ni halali, nami mengine nimeyafanya. Hata hivyo, nadai kwamba kuna kazi moja ambayo mwanafunzi wa muziki kutoka huku kwetu hana budi kuitengea angalau siku mbili kila wiki: kukusanya nyimbo na mapigo ya ngoma kutoka kwa wazee wa kwao.

KWA NINI NYUMBANI?

Chuoni tunafunzwa noti, kinanda na kupanga sauti nne za kwaya. Elimu hiyo haikimbii. Iko vitabuni, na nikirudi Septemba nitaikuta palepale. Lakini ngoma za Chuka haziko maktaba. Ziko mikononi mwa watu, na watu huzeeka.

Chuka, kwa wasiosafiri, ni mji ulio kwenye barabara itokayo Embu kwenda Meru. Ukipanda matatu Embu unapita Runyenjes, unavuka mto Thuci, unafika Chuka, kisha Chogoria na Nkubu, ndipo uingie Meru. Zamani Chuka ilikuwa chini ya wilaya ya Meru. Leo iko kaunti ya Tharaka Nithi. Wapigaji wa huko wanajulikana Kenya nzima. Ngoma yao ni ndefu, mpigaji huibana kati ya mapaja ikiwa imelala kimshazari, na huku akipiga anacheza. Si kazi ya kukaa kitini! Kwingineko katika eneo letu kuna coro, yaani baragumu la pembe, na upande wa Embu na Mbeere wazee wanaijua wandindi, zeze la uzi mmoja.

Likizo iliyopita nilitembelea kikundi kimoja karibu na Chuka. Nilikuta ngoma zipo na wapigaji wapo, lakini mzee aliyekuwa akianzisha nyimbo alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia. Wakapiga, na mapigo yalikuwa motomoto. Walipofika kwenye nyimbo mbili fulani, wakanyamaza wakatazamana. Kiitikio walikijua wote. Mstari wa kwanza hakuna aliyeujua, kwa sababu sikuzote ulikuwa wake yeye. Mmoja akaniambia, "Kijana, ungalikuja Pasaka." Basi hapo ndipo nilipoelewa kuwa likizo ina uzito gani.

WALIOTUTANGULIA

Msidhani kazi hii ni ya watu waliokosa la kufanya. Zoltán Kodály wa Hungaria alianza kuzunguka vijijini mwaka 1905 akikusanya nyimbo za wakulima, na mwaka uliofuata mwenzake Béla Bartók, aliyekuwa na miaka 25 tu, akaifanya kazi hiyo pia. Walikuwa na mashine ya kurekodi iliyotumia mitungi ya nta. Nyimbo hizo ndizo zilizowapa lugha yao ya muziki, na leo wanasomwa ulimwenguni kote.

Hapa petu tuna mfano ulio bora zaidi, nasi huuimba kila Jumatatu tukipandisha bendera. Kenya ilipokaribia uhuru mwaka 1963, kamati ya wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilitafuta lahani ya wimbo wa taifa. Waliipata kwa Wapokomo wa Mto Tana, katika wimbo wa kumbembeleza mtoto, uliotolewa na mzee Meza Morowa Galana. Tazama basi: mama anamtuliza mwanawe alale, na kumbe anaishika lahani ambayo taifa zima litaisimamia wima! Na Mto Tana ni ule ule unaopokea maji ya mito yetu kabla ya kuteremka kwa Wapokomo. Nani ajuaye ni lahani gani imelala huku juu?

HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza: omba ruhusa. Usiende siku ya soko, na usifike na simu ikiwa tayari inarekodi. Salimia kwanza. Ukiwa Meru, "Muga!" yako iwe na adabu. Jieleze wewe ni mtoto wa nani na wimbo utautumia vipi. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, na msingi wake mmoja ni kwamba jamii yenyewe iridhie kwanza. Lakini hata bila sheria, huo ni utu. Mzee mmoja aliniimbia nyimbo nne za kazi, kisha akasema, "Huu wa tano ni wa jandoni. Sikiliza, lakini usiuchukue." Nikaizima simu, nikaiweka mfukoni. Mtafiti aaminikaye huitwa tena.

Hatua ya pili: sikiliza mara nyingi. Mara ya kwanza usiandike kitu. Mara ya pili rekodi. Mara ya tatu omba wewe mwenyewe upige. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka ngoma sharti mikono imwume. Ukishapiga vibaya ukachekwa, ndipo utakaposikia lile ambalo sikio peke yake halikulipata.

Hatua ya tatu: andika mazingira. Nani anaimba? Wakati gani? Wanaume au wanawake? Nani huanzisha, nani huitikia? Wimbo wa kupalilia ukiuandika bila kutaja jembe, umeandika nusu.

Hatua ya nne: andika mapigo. Wengi hukwama hapa, wakidhani ni lazima wajue noti. Sivyo. Chora visanduku 12 kwa mstari, kila ngoma na mstari wake, kisha tia alama pale mkono unapogusa ngozi. Huu hapa mfano wa darasani tu, wala si mtindo wa Chuka. Ngoma ya kwanza ipigwe kwenye visanduku vya 1, 4, 7 na 10. Ya pili ipigwe kwenye 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Gawaneni madawati mawili mjaribu, lakini mwalimu wa zamu asiwe karibu! Mtaona ngoma hizi hukutana mara mbili tu, kwenye 1 na 7. Kwingineko kila moja inashika njia yake. Huko kukutana na kuachana ndiko kunakomwinua mtu kitini. Sasa fikiria ngoma sita, kila moja na njia yake, na wapigaji wanacheza. Wimbo wa dakika tatu ulinila jioni mbili nzima kuuandika.

Hatua ya tano: rudisha. Hii ndiyo husahauliwa. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo uitwao "Chemirocha". Sauti hiyo ikahifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954. Ilipita zaidi ya miaka 60 ndipo watafiti wakairudisha kwa Wakipsigis wenyewe wakaisikiliza. Heri yeye aliyehifadhi, maana bila yeye isingekuwepo. Lakini sisi tunaoishi mwendo wa matatu moja na wazee wetu tuna kisingizio gani? Mwisho wa likizo nenda ukawachezee ulichorekodi. Waache wakusahihishe. Mimi niliambiwa maneno matatu niliyaandika kombo, na tukayanyoosha papo hapo huku tukinywa chai. Kisha acha nakala kwao, na nyingine shuleni.

FAIDA KWA SISI WA KISWAHILI

Msomaji aweza kuuliza, "Haya yatuhusu nini, sisi tusiosomea muziki?" Yanawahusu sana. Katika fasihi simulizi tunakariri aina za nyimbo: wawe za kilimo, hodiya za kazi, bembelezi za watoto, nyiso za jandoni, mbolezi za matanga. Tunazikariri kama majina ya watu wa mbali. Kumbe nyanya yako huko Kianjai au Siakago huenda anazo zote, kasoro kimai, maana bahari hatuna! Utafiti nyanjani, ambao huandikwa ubaoni kwa vipengele, ni jambo la kufanywa kwa miguu. Ukimhoji nyanya kwa saa moja, utaelewa mahojiano, ushiriki na uchunguzi kuliko ukisoma kurasa kumi.

Tena kuna kazi ya tafsiri. Wimbo wa Kimeru au wa Kiembu ukitafsiriwa kwa Kiswahili, hadhira yake huongezeka kutoka kijiji hadi Afrika Mashariki. Hapo ndipo mwanafunzi wa muziki humhitaji mwanachama wa Kiswahili: mmoja ashike lahani na wizani, mwingine ashike maneno. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wapo watakaosema kwamba ngoma hizi ni mambo ya kale, kwamba vijana wa leo wanataka nyimbo za simu na za redioni. Sibishani nao kuhusu nyimbo za redioni, hata mimi nazipenda. Ila nasema, ngoma ivumayo haidumu. Wimbo wa redioni wa mwaka huu mwakani hatutaukumbuka, na ukipotea una kanda yake mahali fulani. Ule wa yule mzee wa Chuka hauna kanda popote.

ZOEZI LA LIKIZO

1. Tafuta mtu mmoja wa kijijini kwenu aliyetimiza miaka 70. Muombe wimbo mmoja wa kazi na mmoja wa kumbembeleza mtoto.
2. Andika maneno yake, kisha uyatafsiri kwa Kiswahili.
3. Taja ni nani huanzisha na ni nani huitikia. Andika mstari wa kwanza kwa herufi kubwa.
4. Chora visanduku 12 na uonyeshe mapigo ya makofi au ya ngoma.
5. Mrudishie mwenyewe ausikie, kabla hujamletea mwalimu.

Mkimaliza masomo hapa, mmoja wenu akijiunga na chuo kusomea muziki, naomba asingoje mtihani wa mwisho ndipo aulize. Likizo ijayo nitakuwa Chuka tena. Kuna mzee mwingine aliyeniambia anaukumbuka mstari wa kwanza wa moja ya zile nyimbo mbili, ila hana hakika na neno la pili. Tutalitafuta pamoja.