SOMO JUU YA DAMU YA ASIYE NA KOSA, NA MAANA YA NENO «WEWE SI MUISLAMU»

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Siku ya Jumamosi, tarehe 5 Disemba mwaka 2015, saa moja ya usiku ilipopita kidogo, mtu mmoja aliingia na kisu katika stesheni ya reli ya chini ya ardhi ya Leytonstone, upande wa mashariki wa mji wa London. Alimwendea msafiri wa miaka 56 asiyemjua wala hawana ugomvi, akampiga, akamwangusha, kisha akamkata shingoni. Akawageukia na wengine kwa kisu kile kile, mpaka polisi wakamwangusha kwa chombo cha umeme na kumfunga.

Mashahidi walieleza kwamba alipaza sauti akisema afanyayo ni kwa ajili ya Shamu, yaani Syria. Siku 3 kabla yake Bunge la Uingereza lilikuwa limekubali, kwa kura 397 kwa 223, ndege zake zilipige kundi la ISIS ndani ya nchi hiyo. Na katika simu yake zilikutwa picha za kundi hilo. Naye alikuwa mzaliwa wa Somalia, aliyelelewa Uingereza tangu utoto.

Alipokuwa akikamatwa, mmoja katika waliosimama pale alimpigia kelele: «Wewe si Muislamu, ndugu!» Neno hilo likaenea ulimwenguni, hata David Cameron, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, akalitamka mbele za watu. Katika kisa hiki yamo mas'ala matatu yapasayo kufahamiwa.

Mas'ala ya kwanza: Je, tendo lile lafaa kuitwa jihadi au kisasi cha haki?

Jawabu: Halifai, kwa sababu mbili. Ya kwanza, Kur'ani imekata shauri katika Sura ya Al-An'am, aya ya 164, kwamba nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Msafiri arejeaye kwake si rubani wa ndege wala si mjumbe wa Bunge. Na lau angekuwa mjumbe, hukumu si ya mpita njia mwenye kisu.

Ya pili ni ahadi. Mwenye kuingia nchi ya watu kwa idhini yao, akakaa chini ya amani yao, amefungana nao mkataba ijapokuwa hakutia mkono wake katika karatasi. Imamu Shafi'i, aliyefariki Misri mwaka 204 wa Hijra, ameeleza katika kitabu chake Al-Umm kwamba Waislamu wakiingia kwa amani hata katika nchi ya maadui wanaopigana nao, basi maadui hao nao wamesalimika nao. Haiwi halali kuwadhulumu wala kuwafanyia khiyana. Ikiwa hivyo ndivyo kwa adui wa vita, yawaje kwa jirani na msafiri?

Na asili ya hukumu hii ni kisa cha Hudhaifa bin Al-Yaman, alichokipokea Imamu Muslim. Yeye na baba yake walishikwa na Makureshi kabla ya vita vya Badri, wakaachwa kwa sharti ya kutopigana. Walipofika kwa Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watimize ahadi yao. Waislamu siku hiyo walikuwa mia tatu na kidogo, na maadui wapata elfu. Watu wawili walikuwa na thamani kubwa, lakini ahadi ilikuwa na thamani zaidi.

Mas'ala ya pili: Je, mwenye kutenda hayo ametoka katika Uislamu?

Jawabu: Mtume (s.a.w.) amemweleza Muislamu kuwa ni yule ambaye watu wamesalimika na ulimi wake na mkono wake. Wanazuoni wamefasiri kwamba kinachokanushwa kwa mwenye kuudhi watu ni ukamilifu wa Uislamu, si asili yake. Basi neno la yule bwana wa Leytonstone, likichukuliwa kwa maana ya kwamba tendo hili si la Uislamu, ni neno la kweli, na amesifika kwa kulisema hadharani. Ama kumhukumia mtu ukafiri kwa sababu ya dhambi kubwa, hiyo si njia ya Ahlu Sunna. Ni njia ya Makhawariji.

Na msomaji atazame njia hiyo ilikofika. Mwaka 40 wa Hijra, katika mji wa Kufa, Abdurrahman bin Muljam, Khawariji, alimvizia Sayyidna Ali akampiga upanga, naye akidhani yuafanya ibada. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali, naye ana jeraha la mauti, aliamrisha mfungwa wake alishwe na anyweshwe, na akifa yeye, asiuawe mtu mwingine ila aliyemuua, wala asikatwekatwe viungo. Kwanza huja neno la kukufurisha, kisha hufuata upanga. Kwa hiyo ulimi na uchungwe kama kinavyochungwa kisu.

Mas'ala ya tatu: Ikiwa mtendaji ana maradhi ya akili?

Jawabu: Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba kalamu imeondolewa kwa watatu, na mwenye wazimu ni mmoja wao mpaka apone. Lakini si kila maradhi huondoa kusudio. Mtu huyu alikuwa na maradhi ya akili, na mahakama yalilijua hilo. Hata hivyo mwezi wa Juni mwaka 2016 alionekana na hatia ya kujaribu kuua, na mwezi wa Agosti alihukumiwa kifungo cha maisha, akaanzia katika hospitali ya Broadmoor. Na jamaa zake walieleza kwamba majuma machache kabla ya siku ile walikuwa wamekwenda kutaka msaada kwa ajili yake.

Hapa pana wajibu wa baba, wa kaka na wa mwalimu. Kijana akijitenga na watu, akasema mambo yasiyoeleweka, akachukia kila mtu kwa jina la dini, si vema kumcheka wala kumficha kwa kuona haya. Apelekwe kwa tabibu, na akae na mwenye elimu. Na msaada ukichelewa, uombwe tena na tena.

Na yule aliyekatwa shingo alipona. Tabibu kijana aliyekuwa akipita alipiga magoti akalizuia jeraha mpaka msaada ukafika. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 32, kumuua mmoja pasina haki kumefananishwa na kuwaua watu wote, na kumwokoa mmoja kumefananishwa na kuwaokoa wote. Stesheni ile yote mawili yalikusudiwa usiku mmoja, moja kwa kisu na la pili kwa mikono mitupu. Na Mwenyezi Mungu akalijaalia lifaulu la pili.

Wallahu a'lam.