Nguo za Kwendea Kutafuta Kazi

Katika mikutano yetu swali hili halikosi: je, ni kweli mtu hupewa kazi, au hupandishwa cheo, kwa sababu ya mavazi? Jibu letu ni ndiyo, kwa kiasi. Mwajiri hukuona wewe kabla hajasoma vyeti vyako. Lakini hapo ndipo vikundi vingi hupoteza pesa.

Kikundi chetu kiliwahi kumkopesha binti wa mwanachama shilingi 3,000 anunue suti na viatu vya kisigino kirefu, aende intavyu ya ukarani. Kutoka kwao hadi steji ni mwendo wa saa moja, na usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Alifika ofisini na matope hadi kwenye pindo, vyeti vimelowa ndani ya mfuko wa karatasi, na suti inambana hata kuketi ni shida. Kazi hakupata. Deni likabaki, na mama yake akaacha kuja mikutanoni kwa aibu. Kosa lilikuwa letu sisi tuliomshauri, kwa hiyo tulimwendea mama nyumbani tukamwomba radhi, na lile deni tukaligawana.

Mara ya pili tulifanya vingine. Sketi nyeusi na blauzi nyeupe tulizipata kwenye mitumba, akazijaribu kwa kuketi na kuinama, fundi wa kijijini akarekebisha kiuno. Zilifuliwa siku mbili mbele, zikapigwa pasi ya makaa (tandaza kitambaa safi juu ya nguo, jivu lisiichafue). Alitembea na malapa hadi steji, hapo akanawa miguu na kuvaa viatu vya chini alivyobeba. Vyeti vilikuwa ndani ya bahasha ya plastiki. Safari hii aliajiriwa, na baada ya mwaka akawekwa mapokezi, maana alikuwa nadhifu kila siku na hesabu anaijua.

Tena ulizeni kanuni za mahali. Mnamo Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, ingawa Rais mwenyewe alikuwa akizivaa. Naye anayeomba kazi ya shamba akiwa amefunga tai, nyapara atamtazama mikono kwanza.

Katika mkutano ujao zungumzeni: je, kikundi chenu kinaweza kuweka sketi moja, suruali moja na koti moja kwa vijana wote wanaoitwa intavyu, badala ya kumkopesha kila mmoja? Zitakaa kwa nani, na nani atazifua?