Daku Nile Nini?



Ramadhani iliyopita shangazi yangu alinipigia simu. Ana kisukari, na daktari wake alikuwa amemruhusu kufunga kwa masharti. Nyumbani kwetu mimi ndiye "shehe wa chuo kikuu", kwa hiyo maswali yote huja kwangu. Nikamweleza hukumu za mgonjwa kutoka Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, ruhusa ya kula na siku za kulipa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sawa mwanangu. Sasa daku nile nini?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia ale tende kwa wingi, ni Sunna.

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa jumuiya yetu anayesoma sayansi ya lishe, mwaka wa tatu. Kwanza alicheka. Halafu akauliza mambo ambayo sikuwa nimeyafikiria: anatumia dawa gani, anazinywa saa ngapi, ana mashine ya kupimia sukari? Habari ya dozi alimwachia daktari. Kwenye chakula alimshauri daku asiile mapema bali karibu na alfajiri, posho kidogo, maharage na mboga zaidi. Futari aanze na tende moja na maji, si chai ya sukari na mandazi. Na mashine ikionyesha chini ya 3.9 au zaidi ya 16.6, afungue papo hapo, hata kama magharibi imebaki nusu saa.

Shangazi akagoma kujitoboa kidole mchana akihofia saumu yake. Hapo nami nikapata la kusema: tone lile la damu ya kipimo halibatilishi saumu.

Imamu Ghazali, katika Ihyaa Ulumiddin, anaihesabu tiba kuwa fardhi kifaya. Analalamika kwamba kuna miji isiyo na tabibu Mwislamu, ilhali watu wanasongamana kwenye fiqhi. Huyu alifariki mwaka 1111. Tulipousoma ukurasa ule niliona aibu kidogo, maana darasa letu limejaa.

Naandika haya kwa sababu wadogo zetu wanapotuuliza wasome nini, tunawatajia udaktari, sheria na uhasibu, basi. Hapa Uganda shahada ya lishe inafundishwa Makerere na Kyambogo. Inataka msingi wa baiolojia na kemia. Wengi hudhani ni kozi ya mapishi, lakini dada yule hukesha na biokemia, namna mwili unavyovunja wanga na mafuta, kisha kuna takwimu na mazoezi ya hospitalini.

Kazi zenyewe? Hospitali ya Mulago ina kitengo cha Mwanamugimu kinachotibu watoto wenye utapiamlo. Mtoto aliyedhoofu kabisa hapewi chakula kingi siku ya kwanza, kwa sababu kingi cha ghafla kinaweza kumuua. Huanzishiwa maziwa maalumu yaitwayo F-75, kidogo kidogo, mchana na usiku, ndipo apandishwe kwenye F-100 au chakula tiba cha karanga. Huruma peke yake ingemjazia sahani.

Katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale wanahitajika watu wa kupima mikono ya watoto: kwa mwenye miezi 6 hadi 59, mzunguko wa chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Viwanda vya unga na mafuta navyo huongeza vitamini na madini, na lazima awepo anayejua kiasi gani. Wengine huingia utafiti. Sitawadanganya kuhusu ajira za serikali: nafasi ni chache, na wapo wahitimu wanaosubiri.

Shangazi alifungua kabla ya magharibi mara mbili. Siku hizo alizilipa Shawwal, na mara zote mbili alimpigia simu dada yule, si mimi.